Fundi Anajibu: Mbona rangi ya bampa inababuka na ya mlango imeshika?

Mwezi huu bampa ndio zimejaa kwa barua zenu, kutoka Mumias mpaka Nakuru, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: kwa nini gari yote iko sawa lakini bampa inaaibisha. Nimechukua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu ju ukiielewa hiyo zingine zinakuwa rahisi.

SWALI: Fundi hujambo. Niko na Probox nyeupe, ilikuja na bampa nyeusi mbele na nyuma, zile plastiki hazijapigwa rangi kabisa. Jua lilikuwa limezifanya kijivu kwa hivyo nilikuwa nazipaka polishi ya viatu kila mwezi zing'ae. Mwaka jana nikaona wacha nizipige nyeupe zifanane na bodi, fundi akanitoza elfu sita na ikatoka safi hadi jirani akadhani nimenunua gari nyingine. Miezi minne baadaye nimeipeleka kuoshwa, kijana akaelekeza mashine ya presha kwa kona ya bampa na rangi ikatoka kama ganda la yai, kipande kikubwa kama kiganja. Saa hii inazidi kutoka kila siku. Fundi anasema ni presha, kijana anasema ni fundi. Nakutumia picha za kipande. Nani mkweli na nifanye nini?
Mwenye Probox, Mumias

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Picha ya pili, ile umekipindua kipande, ndio imeniambia yote. Nyuma yake ni safi na imejichora vinundu vidogo vidogo, na hivyo ni vinundu vya plastiki ya bampa yako, yaani rangi ilichukua umbo la bampa bila kushika hata kidogo, imelala tu juu kama utandu wa chai ya maziwa. Ingekuwa presha imeng'oa rangi iliyoshika vizuri, kipande kingetoka kidogo, kimechanika chanika pembeni, na kwa plastiki pangebaki madoa ya andakoti, yaani rangi ya chini. Kwako hakuna doa hata moja, plastiki imebaki nyeusi tititi. Kijana alifunua shida ambayo ilikuwa hapo tangu siku ulipochukua gari ikimetameta.

Sasa kwa nini haikushika. Bampa karibu zote za siku hizi ni jamaa ya polipropilini iliyochanganywa na mpira ili isivunjike ikigongwa. Viti vingi vya plastiki vile tunakodisha kwa matanga na harusi ni polipropilini pia, na ukitaka kujua tabia yake chukua rangi ya mafuta upake mguu wa kiti kimoja, ngoja ikauke kabisa, alafu kwaruza na ukucha. Inatoka yote. Hiyo plastiki haipendi kushikana na kitu, hata gundi nyingi zinashindwa nayo. Mlango wako ni chuma, ukiusugua msasa ukaupiga praima ya kawaida inauma pale na kukaa miaka, lakini praima hiyo hiyo kwa bampa haipati pa kuuma. Ukitaka kuhakikisha, fungua bampa uipindue, ndani utakuta maandishi madogo yamewekwa katikati ya alama mbili kama vichwa vya mishale, mara PP, yaani polipropilini, mara PP+EPDM, yaani imechanganywa na mpira, na kwa Toyota unaweza kukuta TSOP ambayo ni plastiki yao wenyewe ya ukoo huo huo. Ukiona mojawapo ya hizo, ujue bila dawa ya kushikisha hakuna rangi itakaa, hata iwe ya bei gani.

Hiyo dawa ndio mafundi huita praima ya plastiki. Iko kwa mkebe wa kupuliza na iko ya kuweka kwa gani, ile bunduki ya kupulizia rangi, mara nyingi haina rangi, inafanana na maji. Kazi yake ni kuingia kidogo kwa plastiki upande mmoja na kushika rangi upande wa pili. Inapigwa nyepesi sana, mkono mmoja, yaani tabaka moja tu, unangoja dakika ambazo mkebe umeandika, na haisuguliwi msasa wala kuguswa na mkono. Ukiipiga nzito ukidhani ndio itashika zaidi umeharibu, inakuwa tabaka laini lenyewe na rangi inateleza juu yake. Ukiipita muda wake pia umeharibu. Mtu anapiga asubuhi, anaenda kula, anarudi saa nane kuweka andakoti, hiyo dawa imeshalala.

Lakini kwako wewe hata praima ya plastiki peke yake haingetosha, na hapa nitasema wazi ju najua ni wengi wanafanya hivyo. Polishi ya viatu ina nta, na wengine wanapaka dizeli au oili chafu au yale mafuta ya silikoni ya kung'arisha tairi, na vitu hivyo miaka mitatu vikiingia kwa vile vinundu havitoki kwa kupanguswa na kitambaa mara moja. Na kupangusa na petroli pia si kusafisha, petroli inasambaza mafuta na kuacha yake. Kwa hivyo bampa itoke kwa gari. Rangi yote iliyobaki itolewe, usiwekee viraka, ju ile ambayo haijatoka imeshika vibaya tu kama iliyotoka. Kwako itakuwa rahisi, utainua kwa kisu butu na tepu ile ngumu, na pale imekataa utasugua. Dawa kali ya kubabua rangi ya chuma usiiguse, inaweza kulainisha plastiki.

Alafu ioshwe na maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, kwa brashi, ile brashi ndogo ya kufulia, usugue ukifuata vinundu, usuuze, urudie. Ikauke. Ndio sasa unapangusa na dawa ya kutoa nta na silikoni, inauzwa kwa maduka ya rangi za magari, ukiwa na vitambaa viwili vyeupe: kimoja kina dawa, kingine kikavu kinafuata nyuma yake kabla dawa haijapaa, ju ikipaa yenyewe mafuta yanabaki pale pale. Angalia kile kikavu. Kikitoka na weusi, unarudia. Nimeona bampa ya gari iliyokuwa ikipakwa oili ikitia weusi kwa vitambaa tisa, cha kumi ndio kikatoka cheupe, na fundi aliyekuwa akiifanya hakukasirika hata kidogo, aliendelea tu kukunja kitambaa upande safi.

Ukishamaliza hapo unaikwaruza na ile pedi ya kijivu au msasa laini ili ing'oe ule mng'ao, taratibu, ju hii plastiki ukiisugua na msasa mkali inaota nywele nywele ambazo utaziona chini ya rangi mpaka mwisho. Unapangusa tena. Praima ya plastiki. Alafu uamue juu ya vinundu: ukitaka bampa ilaini kama mlango lazima uweke andakoti nene ya 2K, ile inachanganywa na hadina ya kuikausha, mikono mitatu hivi, ikauke, usugue na msasa wa maji namba 400 kisha 600. Ukikubali vinundu vibaki, okoa pesa hiyo, lakini fundi akuambie mapema kwamba bampa itakuwa na ngozi kama ya chungwa, usije ukagombana naye baadaye. Mwisho ni rangi yenyewe, mikono miwili au mitatu miepesi na dakika kama kumi katikati, alafu kliya, ile ya juu isiyo na rangi, mikono miwili iliyochanganywa na ile dawa ya kuifanya inyumbuke. Bampa inabonyea bodaboda akiigusa na inarudi, na rangi ngumu haiwezi kubonyea na kurudi, inapasuka nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Duko, ile rangi ya thina inayokauka haraka bila hadina, ndio mbaya zaidi kwa hilo. Kwa kabati ya sebuleni duko ni sawa, kwa bampa nakusihi kataa.

Kama gari ni ya kazi, inabeba magunia na kupita nyuma ya trela za miwa zikirusha mawe, fikiria mara mbili kama unataka hiyo nyeupe. Bampa nyeusi inaficha mikwaruzo, nyeupe kila jiwe linaacha nukta nyeusi na huwezi kurudi nyuma kirahisi. Mimi ya kazi ningeiacha nyeusi, ya familia ningeipiga. Na fundi wako mrudie kwa amani ukiwa na kile kipande mkononi, mpindulie aone nyuma. Fundi anayependa kazi yake akiona hivyo vinundu ataelewa bila kelele, na mnaweza kukubaliana wewe ununue vifaa yeye atoe mikono.

SWALI: Fundi, Toyota yangu ni nyeupe ile ya lulu. Bampa ya mbele ilipigwa rangi baada ya kugonga nguzo, na kwa karakana ilikuwa sawa kabisa, lakini nikifika shuleni saa sita mchana bampa inaonekana kama maziwa na bodi kama malai. Nimerudisha mara mbili. Fundi anasema namba ya rangi ni ile ile. Anadanganya?
Mwalimu, Section 58, Nakuru

JIBU: Mwalimu, hadanganyi, namba inaweza kuwa ile ile kabisa na rangi ikatofautiana. Nyeupe ya lulu ya Toyota, ile namba 070, inapigwa hatua tatu: kwanza nyeupe ya chini, alafu tabaka la lulu lenyewe ambalo linapitisha mwanga, alafu kliya. Kila mkono unaoongeza wa lulu unabadilisha sura. Mikono miwili inabaki baridi, mitatu inaanza kuwa na joto, minne imekuwa kama malai. Kwa hivyo swali la kumuuliza fundi si namba gani, muulize amepiga mikono mingapi ya lulu na kama alijaribu kwanza kwa kadi. Fundi mzuri huchukua kipande cha kadi au bati, anapiga nyeupe yote, alafu anafunika na tepu ili sehemu moja ipate mkono mmoja wa lulu, nyingine miwili, nyingine mitatu, anaweka kliya na kutembea na kadi hadi kwa fenda, nje, juani, si ndani ya mabati. Akipata sehemu inayopotea machoni ndio anajua hesabu ya hiyo gari yako, ju gari ya miaka kumi imechomwa na jua na haifanani tena na kitabu cha rangi.

Jambo lingine ni vile bampa ilikaa ikipigwa. Ikiwa imelazwa chini kifudifudi, zile chembe za lulu zinalala vingine kuliko kwa gari ambapo bampa imesimama, na ukiifunga mwanga unarudi tofauti. Metaliki ya fedha ndio inaadhibu zaidi kwa hili, ukipiga kavu inakuwa nyeupe nyeupe, ukipiga bichi inazama na kuwa nzito. Bampa itundikwe vile inakaa kwa gari. Namba yenyewe uisome mwenyewe pia, Toyota nyingi za kutoka Japani ziko na kibati ndani ya boneti, angalia palipoandikwa C/TR, ile ya kwanza kabla ya alama ya mkwaju (/) ndio rangi, ya pili ni ya viti.

Na nikuongezee hili ulijue usije ukamkosesha fundi usingizi bure. Hata gari mpya bampa na fenda hutofautiana kidogo. Kiwandani bodi ya chuma inachomwa kwa tanuri lenye joto la kama nyuzi 140, plastiki ingelainika na kupinda humo, kwa hivyo bampa hupigwa rangi kivyake na kukaushwa kwa joto la chini zaidi. Tofauti ndogo ya kuonekana ukiinama uivumilie. Ya kuonekana kutoka geti la shule, rudisha mara ya tatu na hiyo habari ya kadi.

SWALI: Mkuu, nina Nissan nyeusi ya teksi. Bampa ya nyuma ilipigwa rangi hapa Kondele jioni baada ya mvua, nikaichukua usiku, asubuhi nikakuta imejaa ukungu mweupe kama kioo mtu amekipumulia. Nimeosha haitoki.
Dereva wa teksi, Kisumu

JIBU: Huo ukungu uko ndani ya rangi ndio maana hautoki. Thina ya haraka ikipaa inachukua joto na kupoesha uso wa rangi, na hewa ya Kisumu baada ya mvua imejaa maji, hayo maji yanatua juu ya rangi iliyopoa ikiwa bado bichi na yanafungiwa pale. Kwa rangi nyeusi unaona kila kitu. Kama ni duko una bahati, siku ya jua, saa nne tano asubuhi, fundi apulizie thina ya polepole nyepesi sana juu yake, duko inalainika tena, maji yanatoka na weusi unarudi, alafu apige polishi. Kama ni kliya ya 2K hiyo imeshafunga, kwanza ajaribu kusugua na kupiga polishi kama ukungu uko juu juu, ikikataa ni kusugua na msasa namba 800 na kuweka kliya upya.

Mwambie pia afungue ile koki ya chini ya tangi la kompresa mbele yako. Kwa mji wa ziwani maji yanajaa humo haraka sana, mara nyingine yanatoka kama glasi nzima, na yasipomwagwa yanapita kwa mpira na kutokea kwa gani pamoja na rangi. Na mkebe wa hadina ufungwe mara tu ukimimina, hadina inakunywa unyevu wa hewa na kuharibika ingali inaonekana nzuri. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, usimpe fundi wa nje gari baada ya saa nane. Mvua ya jioni Kisumu wewe unaijua kuliko mimi.

SWALI: Bampa ya matatu yangu ilipasuka kutoka taa hadi chini, wakaishona na waya na kuweka fila juu, wakapiga rangi. Imepasuka tena pale pale mara tatu. Kuna fila ngumu zaidi?
Kakamega

JIBU: Hapana, na ugumu ndio shida yenyewe. Ufa unachezacheza kila gari ikiruka tuta, waya inaruhusu huo mchezo, na fila ya kujazia bodi ya chuma haichezi, inakatika. Fiba ya resini pia kwa plastiki hii inakaa wiki chache alafu inabanduka kama plasta ya jeraha ikilowa.

Bampa ichomelewe kwa plastiki yake. Yale maandishi ya PP ndani ya bampa ndio yanakuambia fimbo gani ya kuchomelea, na ukikosa fimbo kata vipande vyembamba kwa bampa iliyokufa yenye maandishi hayo hayo, mafundi wengi wako nazo nyuma ya karakana. Mwisho wa ufa utobolewe kashimo kadogo ili usiendelee kukimbia, ufa uchimbwe mfano wa V pande zote mbili, nyuma izamishwe wavu wa chuma mwembamba kwa joto la chuma cha kuchomelea, alafu ijazwe fimbo mbele na nyuma hadi plastiki mbili ziwe moja, si kupakwa juu. Unaijua imeshika ukiikunja kidogo kwa mikono na ufa haufunguki. Hapo ndio praima ya plastiki, fila ile ya bampa inayonyumbuka, nyembamba, na kuendelea. Ikiwa ufa umepita kwa sikio la kufungia bolti na sikio limepotea, tafuta bampa nyingine ya mtumba, usihangaike.

SWALI: Naweza kupiga bampa mwenyewe nyumbani na mikebe ya kupuliza? Naishi London hapa Nakuru na upepo ni vumbi tupu.
Msomaji wa kila mwezi

JIBU: Unaweza, kama ni bampa moja na rangi isiyo metaliki. Maduka ya kuchanganya rangi yanaweza kukujazia mkebe wa namba yako. Kliya tafuta mkebe wa 2K, ule unabonyezwa chini kuvunja hadina ndani, ju kliya ya kawaida ya mkebe petroli ikiimwagikia inalainika, lakini mkebe huo ukishauvunja uutumie siku hiyo hiyo, na usome habari ya maski kwa swali la mwisho hapa chini. Vumbi la Nakuru nakubaliana na wewe. Plastiki ukiisugua inapata umeme tuli na inavuta vumbi kama sweta inavyovuta nywele, kwa hivyo pangusa mara ya mwisho kwa kitambaa chenye dawa ile ya kutoa nta, taratibu bila kusugua, mwagia sakafu maji, na upige asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Ukimaliza, usiipeleke kwa mashine ya presha wiki mbili na usipake nta mwezi mzima, kliya bado inapumua.

Umeuliza pia kwa simu juu ya gari ya dada yako yenye sensa. Zile sensa duara za kupaki zitolewe, zisifunikwe na fila wala rangi nene. Na gari iliyo na rada ya kuangalia pembeni nyuma ya bampa, sehemu hiyo isijazwe fila na rangi isirundikwe tabaka juu ya tabaka, hasa metaliki, ju rada inaona kupitia pale.

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 19, najifunza rangi Bungoma, mwaka wa pili sasa. Napenda hii kazi sana. Bosi wangu ananiamini nipige kliya peke yangu, nafunga fulana kwa mdomo. Kuanzia mwezi uliopita usiku nakohoa na kifua kinabana, nikienda nyumbani Jumapili kinaachilia, Jumatatu kinarudi. Nimeambiwa ninywe maziwa. Nimebakisha bampa ya Forester ya kliya kesho. Ni maziwa gani mazuri?
Mwanafunzi wa rangi

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na ningeweza ningekujibu siku ile ile. Maziwa hayasaidii kitu hapo. Hadina ya 2K ina kemikali zinaitwa isosayaneti, na hizo ukizivuta zinaweza kuleta pumu kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nayo, na dalili yake ni hiyo hiyo umeandika, kukohoa usiku, kubanwa kifua, nafuu siku ya mapumziko, kurudi ukirudi kazini. Mwili ukishaanza kuzikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kukubana ghafla. Wako mafundi waliolazimika kuacha rangi kabisa kwa sababu waliendelea wakidhani ni homa.

Nenda hospitali wiki hii. Ukifika usiseme tu unakohoa, sema unapulizia rangi yenye hadina ya isosayaneti na ueleze hiyo habari ya Jumapili na Jumatatu, hiyo ndio itamfanya daktari apime pumzi yako sawasawa. Mpaka akuone usipulizie wala usisimame karibu na mwingine akipulizia, na usichanganye hadina. Fulana inazuia vumbi, mvuke unapita kama haiko. Hata maski ya kitambaa ya kipindi cha korona ni hivyo hivyo. Inayohitajika kwa kliya ya 2K ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na walau ile ya mpira yenye makopo mawili ya kaboni na chujio, imekaa uso bila kupitisha pembeni, makopo yakibadilishwa kabla hayajachoka. Glavu pia, na macho yafunikwe. Bosi anayekuamini na kliya ya mteja anaweza kununua maski, mwonyeshe ukurasa huu, na kama anahema karibu na wewe kila siku bila kitu hata yeye yuko hatarini.

Kazi ya rangi hujaipoteza. Kusafisha bampa, kuchomelea, kusugua kwa maji, kulinganisha rangi kwa kadi, hapo ndio kazi nzuri inatengenezwa na unaweza kuwa bingwa wa hayo ukingoja majibu ya daktari. Na hiyo bampa ya Forester, mwambie mwenye gari angoje, ama bosi aipige mwenyewe akiwa na maski, wewe ukiwa umeshaondoka.